Gari la Siku Nyingi na Oili Yake: Pima Kwanza, Chagua Baadaye

Maandishi ya hotuba kwa madereva, wamiliki wa magari na mafundi, Mtwara mjini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, mafundi wenzangu, madereva mliotoka Mikindani, Nanyamba, Masasi na Newala, pamoja na ndugu zetu mliokuja kutoka Lindi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu wote shikamooni.

Mmeniomba nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu humu anaamini analijua. Swali aliloniletea katibu wenu kwa maandishi lilikuwa la mstari mmoja tu: gari likishakuwa la siku nyingi, liwekewe oili gani? Nadhani katibu alitegemea nitaje namba moja, niketi, na pilau iletwe. Ningeweza kufanya hivyo na wengi wenu mngeondoka mmeridhika, ila namba hiyo ingewafaa baadhi yenu na kuwaulia injini wengine, kwa sababu umri wa gari peke yake hauwezi kuchagua oili. Oili huchaguliwa na aina ya injini pamoja na hali ambayo injini hiyo imefikia, na hali hiyo hupimwa. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari hauwezi kukuambia habari hiyo.

Hapa kusini tuna desturi ambayo nimeikuta tangu nikiwa kijana wa kushika spana. Gari likianza kutoa moshi, au mwenyewe akitazama dashibodi na kuona limevuka kilometa laki mbili, dawa ya kwanza inayotajwa ni kupandisha namba. Aliyekuwa akitumia 5W-30 anaambiwa aweke 20W-50, na moshi ukikaidi anauziwa oili nzito namba 50 ambayo haina hata W, kwa maelezo kwamba injini imeshalegea na sasa inataka kitu kizito. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli ndani yake, na kwa ajili ya chembe hiyo yamedumu miaka yote hii. Injini iliyolika kweli huwa na nafasi kubwa zaidi kati ya vyuma vyake, na oili nzito kidogo kweli huweza kukaa vizuri zaidi katika nafasi hizo. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaoitumia dawa hii hawajajua kama injini yao imelika, imelika wapi, na kwa kiasi gani.

Naomba nianze na namba zenyewe, maana nimegundua kwamba hata sisi mafundi tunaziuza na kuzinunua bila kuzielewa sawasawa.

Watu wa pwani hii hawahitaji darasa refu kuelewa mnato, ambao sisi kwa mazoea tunauita uzito wa oili. Alfajiri ya mwezi wa Julai, kusi linapovuma na hewa ya Mtwara ikashuka hadi karibu nyuzi 20, chupa ya mafuta ya nazi iliyolala dirishani utaikuta imeganda, nyeupe kama nta, huwezi kumimina hata tone. Ifikapo saa nne jua limeshika, yaleyale mafuta yanateleza kama maji, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Oili ya injini haigandi kwa ubaridi wetu huu mdogo, lakini tabia yake ni hiyohiyo: ikiwa baridi huwa nzito, ikipata moto huwa nyepesi. Hakuna oili hata moja inayoongezeka uzito ikipata moto. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewasikia watu wazima wakieleza kwamba 20W-50 huwa ishirini asubuhi na kufika hamsini mchana, kana kwamba inanenepa njiani.

Namba hizo zinatokana na chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, na kifupi cha jina lake ndicho hicho SAE mnachokisoma kwenye galoni. Namba ya mbele, yenye herufi W inayosimama badala ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, hueleza jinsi oili inavyojimudu kwenye ubaridi mkali. Oili ya 15W hupimwa kama inaruhusu injini kuzunguka katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 5W hupimwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Ubaridi wa namna hiyo haujapata kufika Newala hata Julai, seuze Mtwara. Kwa hiyo kwetu sisi namba ya mbele si jambo la kugombania, ingawa si bure kabisa: oili yenye namba ndogo mbele huwahi kidogo kufika juu kwenye kemu shafti, ule mhimili unaofungua valvu, asubuhi gari linapowashwa, na dakika zile za kwanza ndizo ambazo vyuma husuguana zaidi.

Namba ya nyuma ndiyo inayotuhusu. Hiyo hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani karibu na joto ambalo injini hufanyia kazi. Kwa kipimo kinachoitwa sentistoki, oili ya namba 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5, ya namba 40 huanzia 12.5 hadi kukaribia 16.3, na ya namba 50 huanzia hapo hadi kukaribia 21.9. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Mtu anayeruka kutoka 30 kwenda 50 hajaongeza uzito kidogo kama anavyodhani. Anaweza kuwa ameufikisha mnato mara moja na nusu ya ule wa kwanza, au hata mara mbili yake, katika njia za oili ambazo upana wake haukubadilika.

Sasa, ndani ya injini oili inafanya nini? Pampu huivuta kutoka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, kupitia chujio, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye vijitundu vya krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kupanda hadi kwenye silinda hedi. Krenki haitakiwi kugusa beringi zake, yaani vipande vinavyoishikilia, hata kidogo. Huelea juu ya utando wa oili ambao ni mwembamba kuliko unywele. Utando huo unahitaji oili nzito ya kutosha kubeba mzigo, lakini pia unahitaji oili mpya ifike kila sekunde kuondoa joto. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, presha kwenye geji hupanda na dereva hufurahi, kumbe presha imepanda kwa sababu oili inapita kwa shida. Ikipanda zaidi, valvu ya usalama ya pampu hufunguka na sehemu ya oili hurudi ilikotoka bila kufika kwenye beringi. Geji inasoma vizuri, na huko juu kuna kiu.

Kwa magari ya petroli tuliyonayo wengi wetu, kuna jambo la ziada. Injini kama 1NZ-FE, iliyo ndani ya Toyota IST nyingi, au 1ZZ-FE ya baadhi ya Premio, Spacio na RAV4, zina mfumo wa VVT-i, ambao hutumia presha ya oili yenyewe kuisogeza kemu shafti mbele na nyuma. Mfumo huo una njia nyembamba na valvu ndogo yenye kichujio chembamba. Ukiutilia oili ya namba 50, unachelewa kuitika, hasa asubuhi, na gari linakuwa zito bila mwenyewe kujua sababu. IST za kwanza zilitoka mwaka 2002, kwa hiyo nazo sasa ni magari ya siku nyingi. Lakini uzee wa IST si uzee wa Peugeot 504, na anayezipa oili moja eti kwa kuwa zote ni kuukuu anazidhulumu zote mbili.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoomba mnivumilie, kwa sababu kiini cha maneno yangu ni kupima.

Mwaka juzi kijana mmoja alinijia na Noah yenye injini ya 3S-FE, ambayo ilikuwa inabeba abiria kati ya Mtwara na Newala. Alikuwa na galoni ya oili nzito mkononi tayari, akaniambia, "Mzee, hii gari inakula oili, naomba unimwagie iliyomo uniwekee hii." Nikamuuliza inakula kiasi gani. Akasema inakula sana. Nikamuuliza sana ni lita ngapi kwa kilometa ngapi, akacheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Yeye alikuwa akiongeza oili kila akiona moshi, na wakati mwingine alikuwa akijaza kupita alama ya juu ya stiki ya kupimia oili ili asisumbuke njiani, jambo ambalo nalo ni kosa, kwa kuwa oili ikizidi krenki huichapa ikatoa povu, na povu halibebi mzigo.

Nilimrudisha na galoni yake bila kumwekea kitu. Nikamwambia aegeshe gari mahali tambarare, alizime, asubiri dakika kumi oili ishuke, avute stiki, aifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, airudishe mpaka mwisho na kuivuta tena, ndipo asome. Ajaze hadi alama ya juu kamili, aandike kilometa zilizo kwenye dashibodi, kisha afanye kazi yake kama kawaida. Kila asubuhi atazame kabla ya kuwasha, na akilazimika kuongeza, apime kwa chupa yenye alama za mililita na kuandika. Alipofikisha kilometa 1,000 alirudi na kidaftari cha shule. Jumla ilikuwa mililita 700.

Vitabu vya watengenezaji wengi wa magari huchukulia lita moja kwa kilometa 1,000 kuwa ndiyo ukomo wa kuvumilika. Gari la yule kijana lilikuwa halijafika kwenye ukomo, ila lilikuwa linauelekea. Swali lililofuata likawa: oili inatokea wapi? Chini ya gari palikuwa pakavu. Nikamuuliza moshi anauona wakati gani, na jibu lake ndilo lililonipa nusu ya kazi. Alisema anauona asubuhi akiwasha, wingu moja la bluu kisha linakwisha; na anauona tena Newala, akishuka ule mteremko wa kuelekea Masasi kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, halafu akifika chini na kukanyaga, nyuma panafuka.

Mafundi wenzangu mmeshajua. Injini ikishuka mlima huku mafuta yamefungwa, inavuta kwa nguvu kutoka juu, na kama sili za valvu, vile vijimpira vinavyozuia oili isipenye, zimekauka, oili inanyonywa kupitia miguu ya valvu na kuingia kwenye silinda. Ringi za pistoni zikiwa ndizo mbovu, moshi huonekana zaidi wakati wa kupanda na mzigo, na haukomi. Tulipopima mshindilio, yaani nguvu ya kila silinda kukandamiza hewa, silinda zote nne zilikaribiana na zilikuwa na nguvu. Nikachomoa ile valvu ndogo inayorudisha mvuke wa sampu kwenye injini, nikaitikisa sikioni. Nzima hulia kachakacha, hii ilikuwa kimya, imeziba kwa masizi. Tukabadilisha valvu hiyo na sili zote kumi na sita. Baada ya kilometa 1,000 nyingine kidaftari kilisoma mililita 150. Oili ilibaki kuwa ya uzito wa kawaida. Tulitoka 10W-30 kwenda 10W-40 kwa sababu gari linashinda na mzigo kwenye jua, basi. Ile galoni ya oili nzito angeitia, moshi ungepungua kwa wiki chache, na ringi zilizokuwa nzima zingeanza kugandamana na masizi.

Kwa hiyo ninapoulizwa oili gani, na mimi nauliza: kidaftari kiko wapi? Mwenye gari linalokula chini ya robo lita kwa kilometa 1,000 hana ugonjwa wa kutibu kwa oili. Abaki na uzito ulioandikwa na mtengenezaji, hata kama gari lina miaka ishirini na tano. Anayekula nusu lita na kuendelea atafute kwanza sababu, na akishaijua, ikiwa ni ulikaji wa kawaida ambao hana fedha ya kuufungulia injini mwaka huu, apande daraja moja tu: kutoka 30 kwenda 40. Hapo apime tena. Kupanda kutoka 30 hadi 50 kwa mkupuo mmoja mimi sijakuona kukisaidia injini ya kisasa hata mara moja.

Mtaniuliza huo uzito wa mtengenezaji tutaujuaje, maana magari yetu mengi yametoka Japani na vitabu vyake, kama vimo, vimeandikwa Kijapani. Namba hazina lugha. Fungua kitabu kwenye ukurasa wa oili, au tazama kofia ya kujazia oili na stika zilizo chini ya boneti, na utaikuta 5W-30 au 5W-20 imeandikwa kwa tarakimu unazozijua. Mkumbuke tu kwamba kitabu cha Japani kimeandikwa kwa nchi yenye theluji na kwa watu wanaohesabu kila tone la petroli. Vitabu vya injini hizohizo zilizouzwa kwenye nchi za joto mara nyingi vilikuwa na mchoro wa joto la hewa, ulioruhusu pia 10W-30, 15W-40 na hata 20W-50 kwa baadhi ya injini za zamani. Ndiyo maana sisemi kwamba mwenye 10W-40 katika Lindi amekosea. Ninachosema ni kwamba aanzie kwenye kitabu kisha asogee kwa sababu anayoweza kuieleza.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana kama mtu aliyezaliwa anajua. Mwaka 1999 nilikuwa na Corolla yenye injini ya 5A-FE. Ilianza moshi kidogo, nami nikiwa fundi mwenye jina nikaona haya kupita nayo mjini. Nikanunua oili ya kupima, ile inayomiminwa kutoka kwenye pipa, kwa mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja, akanihakikishia kuwa ni namba 50 halisi. Moshi ulikwisha. Nilijisifu miezi sita. Kisha asubuhi injini ikaanza kugonga juu kwa dakika nzima kabla ya kutulia, na siku moja kabla sijafika Mikindani taa ya oili ikawaka na haikuzima. Nilipofungua sampu, chujio la pampu lilikuwa halionekani. Lilikuwa limefunikwa na tope jeusi, zito kama lami, na nililikwangua kwa kijiko cha chai mpaka likajaa kikombe. Beringi mbili zilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Bado ninayo moja nyumbani, na wanafunzi wangu wote wameipitishia kidole.

Ile oili haikuwa imeandikwa popote ubora wake, na hili linanipeleka kwenye herufi. Uzito ni jambo moja, ubora ni jingine. Kwenye galoni tafuta herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya ubora: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya. Daraja la SL lilitoka mwaka 2001, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Oili ya SA, ambayo bado hujitokeza kwenye vidumu vya bei rahisi, haina viungo vya kusafisha wala vya kulinda vyuma; ni mafuta matupu. Kwa gari la petroli la siku nyingi chukueni SL kwenda mbele na mtakuwa salama. Wachache wenye magari ya kale kweli, Datsun na Peugeot za tapeti bapa, yaani vyuma vyenye uso bapa vinavyosukumwa na kemu shafti ili kufungua valvu, wajue kwamba oili mpya nyepesi zimepunguziwa fosforasi inayoambatana na zinki, na tapeti zao zinaihitaji. Hao ndio ambao 20W-50 nzuri inawafaa, kwa sababu masharti ya kupunguza fosforasi yaliwekwa hasa kwa oili za namba 30 na chini yake.

Upande wa dizeli sina maneno mengi. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, na Hilux na Hiace zenye injini ya 5L, huishi vizuri na 15W-40 ya CF-4 au CI-4, na msishtuke oili yake ikiwa nyeusi siku ya pili baada ya kumwaga. Hayo ni masizi ambayo oili imeyabeba, na kuyabeba ndiyo kazi yake.

Kuna hofu nyingine ambayo lazima niiguse, kwamba oili ya sinthetiki ikiingia kwenye gari la zamani itavujisha kila sili. Oili ya sinthetiki ya leo haili sili. Inachofanya ni kusafisha, na kama sili ilikuwa imepasuka zamani na tope ndilo lililokuwa linaiziba, basi tope likiondoka utaona tone. Sili ilikuwa mbovu tangu hapo. Hata hivyo simshauri mwenye injini iliyojaa tope aanze ghafla na oili ya bei kubwa. Anunue ya madini, yaani ile ya kawaida isiyo sinthetiki, yenye ubora, aimwage mapema mara mbili au tatu, kila kilometa 2,000 au 3,000 pamoja na filta yake, injini isafike polepole. Fedha itakayobaki anunue filta ya hewa. Vumbi la barabara zetu za ndani, pamoja na salfa tunayoipakia msimu wa kupulizia mikorosho, likipenya kwenye filta iliyochanika linasaga ringi kama tupa, na hakuna oili duniani itakayolizuia.

Muda wa kumwaga, kwa matumizi yetu, ni kilometa 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Na tafadhali, kuongezea siyo kubadilisha. Nawajua watu wanaosema gari lao linajibadilishia lenyewe kwa kuwa wanaongeza lita kila wiki; uchafu wa ile iliyobaki unabaki nayo, na filta imeziba tangu mwaka jana. Mkiimwaga, kabla hamjaipeleka kupaka nguzo za banda dhidi ya mchwa, itieni kwenye sahani nyeupe muitazame juani. Ikimetameta kama ina unga wa fedha, beringi zinakwenda. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo suala siyo oili tena, ni gasketi.

Jambo la mwisho ni oili bandia. Nunueni galoni lililofungwa, lenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, kutoka kwa mtu atakayewapa risiti. Kofia ikiwa imelegea, au lebo ina herufi zilizofifia, au bei iko chini ya wengine wote mjini, liacheni. Na galoni tupu litoboeni kwa msumari kabla ya kulitupa, kwa sababu wapo wanaoyaokota, wanayajaza oili chafu iliyochujwa kwa nguo, na kuyarudisha dukani. Mimi nimeshanunua galoni langu mwenyewe, nililolitia alama ya kisu chini miezi minne kabla.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha na harufu ya pilau imeshafika mlangoni. Maswali nitayapokea nje. Lile gari la katibu lililoegeshwa chini ya mwembe limezimwa tangu saa tatu na liko mahali tambarare, kwa hiyo oili yake yote imeshatua. Nimekuja na kitambaa, chupa yenye alama na kidaftari kipya. Katibu atavuta stiki mwenyewe, na namba ya kilometa nitamwandikia mimi.